Mwalimu Nyerere na swali la dirishani: mzee yupi atibiwe bure?

Kila Oktoba 14 inapokaribia, redio nyingi nchini hurusha vipindi vya kumkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na sisi hatubaki nyuma. Tukifungua simu, wasikilizaji wetu wa Chogo, Mkata, Kabuku, Sindeni na wale wa upande wa Korogwe huanza na kumbukumbu zao za zamani. Baada ya dakika chache mazungumzo hugeuka. Mzee mmoja atasema wakati wa Mwalimu alitibiwa bila kutoa hata senti. Mwingine atauliza mbona siku hizi anaambiwa matibabu ya bure kwa wazee yapo, lakini ni kwa wale wasio na uwezo tu. Na nani hupima huo uwezo?

Swali hilo hatuwezi kulijibu kwa simu ya dakika mbili. Ndiyo maana tumeona tulijibu hapa, kwa kusimulia maisha ya Mwalimu kwa kuufuata uzi mmoja: nani alipie matibabu ya mtu aliyezeeka bila mshahara wala pensheni. Ukiufuata uzi huo unaona swali lilianzia wapi, kwa nini lilipotea kwa miaka mingi, na kwa nini limerudi kwenye dirisha la hospitali zetu.

Kutoka Butiama hadi Edinburgh

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Kuwa mtoto wa mtemi hakukumwondolea kazi. Alichunga mifugo kama watoto wenzake, na alianza shule huko Musoma akiwa na miaka 12 hivi. Kutoka hapo alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora, kisha Makerere nchini Uganda, alikosomea ualimu kuanzia 1943. Mwaka huohuo alibatizwa na kuitwa Julius.

Baada ya kufundisha Tabora kwa miaka michache, mwaka 1949 alikwenda Uskochi kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Tunaomba tusimame hapa kidogo, maana wasimuliaji wengi huipita miaka hii mitatu haraka. Uingereza aliyoikuta ilikuwa imetoka kuanzisha huduma ya afya ya taifa, Julai 5, 1948. Mtu akiugua alimwona daktari bila kuulizwa anapata kiasi gani kwa wiki. Lakini mwaka 1951, Nyerere akiwa bado masomoni, serikali ileile iliyoanzisha huduma hiyo ilibanwa na fedha, ikaanza kutoza sehemu ya gharama za meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, aliyeijenga huduma hiyo alipokuwa Waziri wa Afya, alijiuzulu uwaziri kwa sababu hiyo. Meno ya bandia na miwani, kama kila mwenye bibi au babu nyumbani anavyojua, huhitajiwa zaidi na wazee.

Basi tangu mwanzo mambo mawili yalikuwa bayana kwa yeyote aliyeishi nchi ile miaka ile. Huduma ya bure kwa wote inawezekana. Na hata nchi tajiri inaweza kushindwa kuilipia yote.

Maadui watatu

Nyerere alirudi nyumbani 1952. Mwaka uliofuata alimwoa Maria Waningu, akafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na akachaguliwa kuongoza chama cha TAA. Julai 7, 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu, mshahara ukaisha, akaanza kuzunguka nchi nzima. Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961.

Nchi aliyokabidhiwa ilikuwa na wagonjwa wengi na waganga wachache mno. Madaktari Watanganyika walihesabika kwa vidole vya mikono na miguu. Hospitali zilikuwa mijini, nyingine kwenye vituo vya misheni, na kwa mtu wa kijiji cha ndani Handeni kwenda hospitali kulikuwa safari ya kubebwa kwa machela. Mtoto aliyezaliwa wakati huo, kwa wastani, hakutarajiwa kufika miaka 50. Kwa maneno mengine, nchi haikuwa na wazee wengi wa kuulizia. Watu walikufa kabla ya uzee.

Mwalimu aliyataja maadui ya taifa kuwa ujinga, maradhi na umaskini, na akavitangazia vita vyote vitatu kwa pamoja. Aliona vimefungamana. Maskini huugua, mgonjwa hawezi kulima, asiyelima hubaki maskini. Ukimtoza ada mgonjwa wa namna hiyo, unamrudisha pale alipotoka. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam ili nchi izalishe waganga wake yenyewe. Kwa upande wa Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika Aprili 26, 1964, serikali ya Mapinduzi chini ya Sheikh Abeid Amani Karume nayo ilitangaza matibabu bure mwaka huohuo wa 1964.

Kipato cha nani kiwekewe mpaka?

Azimio la Arusha lilipitishwa mwanzoni mwa mwaka 1967 na kutangazwa Februari 5. Wengi wetu tunalikumbuka kwa kutaifisha mabenki na mashamba makubwa. Wenzetu wa Korogwe wanalijua kwa upande wa mkonge, maana kabla mwaka huo haujaisha Serikali ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya mashamba hayo. Lakini kwa mada yetu, kuna kipengele cha Azimio kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi: masharti ya uongozi.

Masharti hayo yalisema kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Huo ulikuwa mpaka wa kipato, tena uliandikwa wazi na kila mtu akausikia. Aliyewekewa mpaka huo alikuwa kiongozi, na ndiye aliyetakiwa kueleza mali yake imetoka wapi.

Mgonjwa hakuulizwa. Baada ya Azimio, matibabu ya kawaida katika hospitali na zahanati za Serikali yakawa bure. Mzee aliyefika na kikohozi hakutakiwa kueleza ana ekari ngapi, mbuzi wangapi, au mtoto wake wa mjini anafanya kazi gani. Hospitali za misheni ziliendelea kutoza kiasi, lakini baadhi yake ziliingia mkataba na Serikali zikawa hospitali teule za wilaya. Majirani zetu wa Muheza mpaka leo huiita hospitali yao Teule, na jina hilo limetoka huko. Mwaka 1977 ilipitishwa sheria iliyozuia hospitali binafsi za kutafuta faida.

Kwa nini Mwalimu hakuchagua njia ya katikati, yaani wenye nacho walipe na maskini wasamehewe? Jibu lipo katika hali ya vijiji vya wakati huo. Karibu watu wote walikuwa wakulima, na hakuna aliyekuwa na hati ya mshahara. Kuwachambua maskini kutoka kwa maskini wenzao kungehitaji makarani na rejista, na kungefungua mlango wa upendeleo. Ilikuwa rahisi zaidi, na ya heshima zaidi kwa mgonjwa, kumtibu kila aliyefika.

Redio, mashimo ya vyoo na zahanati

Kwetu sisi watu wa redio, mwaka 1973 una nafasi ya pekee. Ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha masomo ya afya, na wananchi wakakaa kwenye vikundi kuyasikiliza, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Vikundi vilikaribia 75,000 na washiriki walikuwa kama milioni 2. Walijifunza malaria, kichocho, kuhara na maji safi. Kipindi kikiisha walishika majembe: walichimba mashimo ya vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi.

Wakati huohuo Serikali ilielekeza fedha za afya vijijini. Wakati wa uhuru vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 tu. Kufikia 1980 vilikuwa zaidi ya 200, na zahanati zilizokuwa chini ya 1,000 zilipita 2,500. Nyingi zilijengwa kwa kujitolea. Wananchi walisomba mawe, mchanga na maji, walifyatua matofali, na Serikali ikaleta bati, dawa na mganga.

Hatuwezi kusimulia habari hiyo bila kusema upande wake mchungu. Kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu kwenda vijiji vya pamoja. Wengine walihama kwa hiari, wengine kwa nguvu, na zipo nyumba zilizobomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Handeni ilikuwa na vijiji vya ujamaa hata kabla ya operesheni hiyo, na wapo wazee wetu wanaokumbuka minazi, miembe na makaburi waliyoyaacha nyuma. Sababu kubwa iliyotolewa na Mwalimu ilikuwa kwamba shule, maji na zahanati haviwezi kufikishwa kwa watu waliotawanyika porini. Zahanati zilikuja kweli. Lakini wapo waliolipia kwa kupoteza mashamba yao ya asili, na gharama hiyo haikuandikwa kwenye stakabadhi yoyote.

Dawa zinapokwisha

Mipango mizuri huhitaji fedha, na fedha za nchi zilianza kukatika. Ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha kununua chakula nje. Bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita dhidi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, viliila hazina. Mkonge, uliokuwa fahari ya mkoa wetu wa Tanga, ulishuka bei na uzalishaji wake ukaporomoka. Na uendeshaji wa mashirika ya umma ulikuwa na kasoro zake ambazo Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri.

Matokeo yake kila aliyeishi miaka ile anayajua. Zahanati ilikuwa wazi, mganga yupo, cheti anaandika, dawa hakuna. Miaka ya kati ya 1980 dawa za vijijini zilitegemea maboksi yaliyoletwa kwa msaada wa wafadhili, na mwisho wa mwezi boksi lilikuwa tupu. Bure ilibaki kuwa bure, lakini mzee aliyepewa cheti bila dawa hakuwa ametibiwa. Aliyekuwa na fedha alitafuta dawa kwa magendo. Asiyekuwa nazo alirudi kwenye mitishamba. Hapo tofauti ya kipato ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma, bila mtu kuitangaza.

Mwalimu alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa, kwa hofu kwamba elimu na afya ndizo zingekatwa kwanza. Novemba 1985 aling'atuka urais, jambo ambalo viongozi wachache wa Afrika walikuwa wamelifanya kwa hiari. Alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, alikubaliana na shirika hilo mwaka 1986.

Mipaka miwili inabadilishana mahali

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Arusha. Kiongozi sasa aliweza kuwa na mapato zaidi ya moja, kununua hisa na kupangisha nyumba. Mwaka huohuo hospitali binafsi za biashara ziliruhusiwa tena. Miaka miwili baadaye, Julai 1993, Serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia huduma za afya. Ulianzia hospitali kubwa, ukashuka hospitali za wilaya, na baadaye ukafika vituo vya afya na zahanati.

Tukiyaweka matukio hayo pamoja tunaona kitu ambacho wengi hatukukiona wakati kinatokea. Mwaka 1967 kiongozi ndiye aliyeulizwa kipato chake, na mgonjwa aliachwa. Kufikia 1993 masharti ya kiongozi yalikuwa yamelegezwa, na mgonjwa akaanza kuulizwa. Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa mstaafu Butiama, hakuficha kutoridhika kwake na uamuzi wa Zanzibar.

Lakini tuwe wakweli. Kuchangia hakukuletwa kwa ukatili. Kuliletwa kwa sababu dawa hazikuwepo, na fedha iliyokusanywa hospitalini ilitakiwa kununulia dawa hospitalini hapohapo. Tangu mwanzo ilielezwa pia kwamba wapo watakaosamehewa: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wenye maradhi kama kifua kikuu na ukoma, na watu wasio na uwezo wa kulipa. Wazee walitajwa kwa jina baadaye. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya 2007 ikaweka msamaha kwa wazee wa umri huo wasio na uwezo.

Hayo maneno matatu, wasio na uwezo, ndiyo yanayowachanganya wasikilizaji wetu. Mabango na hotuba husema matibabu bure kwa wazee. Sera husema matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo.

Mizani isiyo na namba

Zipo nchi zinazopima uwezo kwa namba. Mfano mmoja ni Ayalandi, huko Ulaya. Mwaka 2001 nchi hiyo ilimpa kila mtu aliyefika miaka 70 kadi ya matibabu bure bila kuangalia kipato. Mwaka 2008, uchumi ulipoyumba, serikali ikatangaza kuiondoa kwa wenye kipato kikubwa. Wazee kwa maelfu waliandamana Dublin mwezi Oktoba. Serikali ikarudi nyuma kidogo, na kuanzia 2009 mpaka ukawekwa juu: mzee anayeishi peke yake alipewa kadi mradi kipato chake hakizidi euro 700 kwa wiki. Unaweza kuupinga mpaka huo, lakini unaujua. Mzee akitazama karatasi yake ya pensheni anajua kama amo au hayumo.

Kwetu hakuna namba ya aina hiyo. Sera haisemi mzee mwenye shilingi kadhaa kwa mwezi ndiye asiye na uwezo. Kazi ya kumtambua imeachiwa serikali ya kijiji au mtaa, halmashauri, na ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini. Katika halmashauri nyingi wazee waliotambuliwa wamekuwa wakipewa kitambulisho cha matibabu bure, au wakilipiwa kwenye mfuko wa afya ya jamii, CHF. Mfuko huo ulipoboreshwa 2018, kaya ya watu hadi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka.

Inaeleweka kwa nini namba haijawekwa. Utaandika namba gani kwa mkulima wa Handeni? Mvua zikinyesha vizuri anavuna magunia ya mahindi na anaonekana ana uwezo. Mwaka unaofuata mvua zinakata, naye anakula mihogo ya kuomba. Fedha yake huja mara moja kwa msimu, ugonjwa wake huja wakati wowote. Mtoto aliye Dar es Salaam humtumia hela kwa simu mwezi huu, miezi mitatu inayofuata akanyamaza. Kijiji kinayajua hayo kuliko karani wa mbali, ndiyo maana kijiji kimepewa kazi hiyo.

Tatizo ni pale kijiji nacho kinapokosekana. Katika familia yetu tuliwahi kumsindikiza bibi aliyepita miaka 70. Alikuwa na shamba la ekari 2 na mbuzi wanne. Dirishani alielezwa kwa adabu tu kwamba bila kitambulisho au barua ya kijiji atalipia vipimo. Tulirudi kijijini, tukaambiwa anayetoa barua yuko kwenye semina. Siku ya tatu barua ilipatikana, ikiwa na mhuri na saini. Wakati huo mbuzi mmoja alikwisha kuuzwa na nauli ya bodaboda ilikwisha lipwa mara nne. Bibi aliitazama barua ile iliyosema hana uwezo, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Alitibiwa, tunashukuru. Kilichomuuma, alivyotueleza njiani, ni kwamba ilibidi kijiji kizima kijue kwamba yeye ni fukara ndipo apewe vidonge.

Wapo wazee ambao hawasumbuliwi na barua hiyo. Mtumishi aliyestaafu akiwa mwanachama wa bima ya afya ya taifa huendelea kutibiwa kwa kadi yake. Viongozi wakuu wastaafu hutunzwa na Serikali kwa mujibu wa sheria, matibabu yakiwemo. Hatuwaonei wivu, wametumikia. Ila matokeo ni kwamba mwenye pensheni ana kadi tayari mfukoni, na asiye na pensheni ndiye anayepelekwa kutafuta ushahidi.

Zanzibar wamejaribu njia nyingine kwa upande wa fedha. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 alianza kupata pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kupimwa kipato. Kigezo ni umri na ukaazi. Huko Bara, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mtu awe na bima, na inaweka utaratibu wa kuwalipia wasio na uwezo. Maneno yale matatu yamo tena, na mafanikio ya sheria hiyo kwa wazee wetu yatategemea sana jinsi yatakavyopimwa kijijini.

Mgonjwa wa mwisho wa hadithi hii

Mwalimu alimalizia uzee wake Butiama akilima, akisoma, na akisafiri kusuluhisha mgogoro wa Burundi. Mwaka 1999 saratani ya damu ilimzidi. Alipelekwa London na kulazwa katika Hospitali ya St Thomas', moja ya hospitali za huduma ileile ya afya ya taifa ambayo aliikuta changa alipokwenda Uingereza kusoma, miaka 50 kabla. Alifariki hapo Oktoba 14, 1999, akiwa na miaka 77, na akazikwa Butiama Oktoba 23. Nchi nzima ilisimama. Wapo wazee wa Handeni waliotembea mchana kutwa kutafuta redio yenye betri ili wasikie mazishi.

Tunarudi sasa kwa yule msikilizaji aliyeuliza nani hupima. Jibu la moja kwa moja ni hili. Ukiwa na miaka 60 au zaidi na huna njia ya kulipa, usingoje mpaka uugue. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji ukiwa mzima, uliza kama jina lako limo kwenye orodha ya wazee wanaostahili msamaha. Kama halimo, omba lijadiliwe. Ukifika hospitalini bila kitambulisho, omba kumwona afisa ustawi wa jamii kabla hujauza chochote. Na sisi vijana wenye wazee, twende nao, maana kusimama peke yako dirishani na kueleza umaskini wako ni kazi nzito kwa mtu mwenye mvi.

Na kwa wanaokaa upande wa pili wa dirisha, na wanaoandika orodha kule vijijini, tunawaomba wafanye hesabu moja rahisi. Mzee wa miaka 70 na kitu anayefika leo akiwa na fimbo alikuwa kijana wa miaka 20 hivi mwaka 1973. Redio iliposema Mtu ni Afya, yeye ndiye aliyeshika jembe. Shimo la choo la shule alilichimba yeye. Matofali ya zahanati ya kwanza ya kijiji aliyafyatua yeye, na maji ya kuyafyatulia mama mzee wa leo aliyabeba kichwani. Hakuna aliyemwandikia stakabadhi, na hakuidai. Kama tunatafuta ushahidi wa alichochangia katika afya ya nchi hii, sehemu yake ipo kwenye kuta za majengo hayo.